Fedha Isiyo na Riba Katika Simu ya Mkononi: Tunajifunza Nini Kutoka Indonesia?

Katika somo la robo hii tunajadili jambo ambalo huenda baadhi yenu mtashangaa kulikuta katika jarida hili. Nalo ni uchumi wa kidijitali wa Kiislamu na mchango wake katika kukuza uchumi wa taifa. Tumelichagua kwa sababu limetugusa moja kwa moja katika kazi zetu, na kwa sababu mwisho wa somo tunaomba kamati zifanye uamuzi.

Kikundi kilichopungua

Miaka kadhaa iliyopita ofisi yetu ilisaidia kuanzisha kikundi cha kuweka na kukopa katika mtaa mmoja ambako Wakristo na Waislamu wanaishi nyumba kwa nyumba, wanazikana na wanaalikana harusini. Kikundi kilianza na wanachama 30. Tulipeleka sanduku lenye kufuli tatu, madaftari, na katiba iliyokwisha kuchapwa. Katiba hiyo ilisema kila mkopo utarejeshwa pamoja na nyongeza ya asilimia 10 kwa mwezi. Hatukumwuliza mtu yeyote kama anaafiki.

Kwa miezi mitatu ya kununua hisa mambo yalikwenda vizuri. Siku mikopo ilipoanza kutolewa, wanachama tisa waliomba warudishiwe hisa zao. Wote tisa walikuwa Waislamu. Katika taarifa ya robo ile tuliwaandikia wafadhili kwamba wanachama tisa wamejitoa "kwa sababu binafsi". Ilikuwa rahisi kuandika hivyo.

Baadaye mmoja wetu alimtembelea mama mtu mzima, muuza samaki wa kukaanga, aliyekuwa miongoni mwa waliojitoa. Akamwamkia, "Shikamoo mama. Mbona mmetukimbia?" Mama akacheka. "Marahaba mwanangu. Hatukuwakimbia ninyi. Tumeikimbia ile kumi juu ya mia. Mngetuuliza mapema tungewaambia."

Kosa lilikuwa letu. Tulidhani tumeleta huduma kwa wote, kumbe tulikuwa tumeweka kizingiti mlangoni. Tukajiuliza: je, wako wapi watu waliojenga mlango usio na kizingiti hicho, tena kwa mamilioni ya watu, na taifa zima likanufaika? Katika kutafuta jibu ndipo tulipofika Indonesia.

Maana yake nini?

Tunaposema uchumi wa kidijitali tunamaanisha kulipa, kuweka akiba, kukopa, kununua, kuuza na hata kutoa sadaka kwa njia ya simu na intaneti. Unapoitwa wa Kiislamu, maana yake ni kwamba shughuli hizo zinafuata kanuni za Uislamu kuhusu mali. Kwa ufupi kanuni hizo ni nne:

1. Fedha haiuzwi kwa fedha zaidi. Nyongeza inayodaiwa juu ya mkopo wa fedha ni riba, na imekatazwa.
2. Anayetaka sehemu ya faida awe tayari kubeba sehemu ya hasara.
3. Mkataba uwe juu ya kitu au kazi halisi inayojulikana, usiwe wa kubahatisha kama kamari.
4. Mwenye akiba iliyofikia kiwango na kukaa mwaka mzima anatoa zaka, asilimia 2.5, kwa ajili ya wanaostahili.

Tuchukue mfano. Fundi nguo anahitaji cherehani ya shilingi 400,000. Katika mkopo wa kawaida anapewa fedha, na akichelewa kurejesha deni linazidi kukua. Katika mkataba uitwao murabaha, taasisi inanunua cherehani yenyewe, inaimiliki, kisha inamwuzia fundi kwa bei iliyotajwa wazi, tuseme shilingi 460,000, alipe kidogo kidogo kwa miezi sita. Akichelewa, bei haipandi. Katika musharaka, taasisi na fundi wanachangia mtaji, wanagawana faida kwa kadiri walivyokubaliana, na hasara kila mmoja anaibeba kulingana na mtaji aliotia. Katika mudharaba, mmoja anatoa mtaji na mwingine anatoa kazi na ujuzi.

Mikataba hii ni ya zamani sana. Wafanyabiashara wa misafara na majahazi waliijua karne nyingi kabla ya benki za leo. Simu imeongeza mambo matatu. Inafika mahali ambapo karani wa benki hafiki. Inawezesha kukusanya fedha ndogo ndogo bila gharama kubwa. Tatu, inaacha kumbukumbu ya kila kilicholipwa, na nani, na lini.

Kwa nini Indonesia?

Indonesia ni nchi ya visiwa zaidi ya 17,000. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu watu milioni 270, na katika kila watu 100 takriban 87 ni Waislamu. Lakini si nchi ngeni kwetu Walutheri. Kanisa la HKBP la Wabatak wa Sumatra Kaskazini ni kanisa kubwa, na ni mwanachama mwenzetu katika Shirikisho la Makanisa ya Kilutheri Duniani.

Benki ya kwanza ya Kiislamu nchini humo, Bank Muamalat, ilianza kazi mwaka 1992. Mtikisiko mkubwa wa fedha wa Asia wa miaka ya 1997 na 1998 uliiumiza, ikapata hasara, na mwaka 1999 Benki ya Maendeleo ya Kiislamu ikaingia kama mwanahisa kuiongezea mtaji. Mwaka 2008 zilipitishwa sheria mbili, moja ya hatifungani za serikali zisizo na riba na nyingine ya benki za Kiislamu. Mwaka 2019 serikali ilizindua mpango mkuu wa uchumi wa Kiislamu wa 2019 hadi 2024 wenye nguzo nne: biashara ya bidhaa halali, fedha za Kiislamu, wafanyabiashara wadogo, na uchumi wa kidijitali. Mwaka 2021 benki tatu za Kiislamu zinazomilikiwa na mabenki ya serikali ziliunganishwa kuwa moja, Bank Syariah Indonesia.

Tunaona hapo kwamba simu ilikuja mwishoni. Kabla yake zilitangulia sheria, taasisi na usimamizi, kwa zaidi ya miaka 25. Hilo ni somo la kwanza kwa wenzetu wanaodhani maendeleo ni kununua programu ya kompyuta.

Akiba ndogo zinazojenga reli na madaraja

Serikali yoyote inayojenga barabara inahitaji fedha nyingi kwa mara moja. Mara nyingi hukopa nje, au hukopa kwa matajiri wa ndani kwa riba. Mwananchi Mwislamu mwenye akiba ndogo anabaki nje kwa sababu mbili: kiwango cha chini ni kikubwa, na mkataba wenyewe una riba.

Indonesia ilijibu sababu zote mbili kwa sukuk. Hii ni hati inayompa mnunuzi haki katika mali au mradi, naye hupata sehemu ya mapato yake, kama vile kodi ya pango. Muda ukiisha anarudishiwa fedha zake. Mwaka 2009, sukuk ya kwanza kwa wananchi wa kawaida iliuzwa kupitia mabenki, na kiwango cha chini kilikuwa rupia milioni 5. Mnamo Novemba 2018 ilianza kuuzwa sukuk ya akiba kwa njia ya intaneti, na kiwango cha chini kikashushwa hadi rupia milioni 1, wakati ule karibu dola 70 za Marekani. Mwalimu aliye kisiwa cha mbali hakuhitaji tena kupanda meli kwenda benki. Alijiandikisha, akaagiza na kulipa akiwa nyumbani kwake.

Fedha za sukuk za serikali zimekwenda katika kazi zinazoonekana kwa macho. Tangu mwaka 2013 zimegharamia miradi kama upanuzi wa reli kati ya Cirebon na Kroya katika kisiwa cha Jawa, na majengo ya vyuo vikuu. Sehemu ya gharama za daraja la Youtefa huko Jayapura, Papua, lililofunguliwa Oktoba 2019, ilitokana na sukuk. Ndugu msomaji, Papua ni eneo ambalo wakazi wake wengi ni Wakristo. Mama wa Kikristo anayepeleka viazi sokoni anavuka daraja ambalo limechangiwa na akiba ya mtu aliyekataa riba kwa ajili ya imani yake. Daraja halimwulizi mtu dini yake.

Hapa ndipo tunapouona mchango kwa uchumi wa taifa. Fedha iliyokuwa imelala chini ya godoro inaamka na kufanya kazi. Serikali inapata mtaji kwa wananchi wake, na faida inabaki nchini. Kweli, haba na haba hujaza kibaba. Hata hivyo tukumbuke kwamba sukuk si zawadi kwa serikali. Ni lazima irejeshwe, kwa hiyo mradi ukichaguliwa vibaya mzigo unamrudia mlipa kodi yule yule.

Zaka na wakfu kwa njia ya simu

Njia ya pili ni utoaji. Indonesia ina chombo cha taifa cha zaka kiitwacho BAZNAS, kilichoundwa mwaka 2001 na kuimarishwa kwa sheria ya mwaka 2011. Mtu anaweza kukokotoa zaka yake na kuilipa kwa simu, akapata stakabadhi hapo hapo. Mnamo Agosti 2019 Benki Kuu ya nchi hiyo ilizindua mfumo mmoja wa malipo uitwao QRIS. Ni kile kimraba chenye alama nyeusi na nyeupe ambacho simu hukisoma kwa kamera. Kabla ya hapo kila kampuni ilikuwa na kimraba chake. Sasa kimraba kimoja kinapokea malipo kutoka benki na kampuni mbalimbali, na kinabandikwa kwa muuza supu, kwa fundi viatu, na kwenye sanduku la sadaka msikitini.

Mfano uliotugusa zaidi, kwa kuwa nasi tuna hospitali na zahanati, ni ule wa wakfu wa fedha uliounganishwa na sukuk. Mtoaji anaweka fedha zake kwa muda maalumu. Fedha hizo zinanunua sukuk ya serikali. Mapato ya sukuk hayaendi kwa mtoaji, yanakwenda kwenye huduma za jamii. Muda ukiisha, aliyeweka wakfu wa muda anarudishiwa fedha zake zote. Mapato ya mpango wa kwanza, wa Machi 2020, yalielekezwa hospitali ya macho ya Achmad Wardi mjini Serang, kuanzisha kituo cha retina na glakoma na kuwahudumia wagonjwa wasiojiweza. Baadaye mwaka huo huo wananchi wa kawaida walikaribishwa kushiriki kuanzia rupia milioni 1. Walijitokeza watu 1,041, wakachangia karibu rupia bilioni 14.9.

Tazameni jinsi fedha ile ile inavyofanya kazi mbili. Kwanza inaikopesha serikali mtaji wa maendeleo. Pili, mapato yake yanamrudishia macho mtu maskini. Wafadhili wengi hutuuliza juu ya uendelevu wa miradi. Hapa kuna jibu moja linalofaa kuchunguzwa.

Mfanyabiashara mdogo

Takwimu za serikali ya Indonesia zinaonyesha kuwa biashara ndogo na za kati ni zaidi ya milioni 60, zinachangia kama asilimia 60 ya pato la taifa, na zinaajiri takriban watu 97 katika kila wafanyakazi 100. Maana yake, uchumi wa taifa hauwezi kukua kama muuza samaki haongezi mtaji.

Kwa ajili ya watu wa ngazi hiyo, mwaka 2017 Mamlaka ya Huduma za Fedha, yaani OJK, ilianzisha benki ndogo za wakfu karibu na shule za bweni za Kiislamu. Utaratibu wake utawafanya wanavikoba wetu watabasamu. Wanachama wanajipanga katika vikundi vya watu watano, wanapata mafunzo kwanza, wanakutana kila wiki, na hawadaiwi dhamana. Mkopo hufikia rupia milioni 3, na gharama yake ni sawa na asilimia 3 kwa mwaka. Narudia, ni kwa mwaka. Benki hizi haziruhusiwi kupokea akiba za watu. Mtaji wake unatoka kwa wahisani, na unatunzwa usiliwe.

Upande wa bidhaa, sheria ya mwaka 2014 inataka vyakula na bidhaa nyingine ziwe na hati ya halali. Kwa mama anayepika keki nyumbani hati hiyo ingeweza kuwa mzigo mzito. Kwa hiyo maombi yanafanyika kwa intaneti, wasaidizi waliofundishwa humtembelea, na upo utaratibu wa hati bila malipo kwa biashara ndogo sana. Wafanyabiashara wadogo wa vyakula walisogezewa muda hadi Oktoba 2026. Akishaipata hati, anaweza kuuza mbali na mtaa wake, hata nje ya nchi.

Tahadhari

Tusingekuwa tumewatendea haki wasomaji kama tungeeleza mazuri peke yake.

Kwanza, baada ya miaka zaidi ya 30, benki za Kiislamu zinashika takriban asilimia 7 hadi 8 tu ya mali zote za mabenki ya Indonesia. Waislamu wengi bado wanatumia benki za kawaida. BAZNAS nayo imekadiria kwamba zaka ingeweza kufikia zaidi ya rupia trilioni 300 kwa mwaka, lakini inayokusanywa ni sehemu ndogo tu ya makadirio hayo.

Pili, wapo wataalamu wa Kiislamu wenyewe wanaolalamika kwamba murabaha inatumika kupita kiasi, na kwamba wakati mwingine faida yake inapangwa ilingane na riba ya sokoni. Maskini akilipa kiasi kile kile, jina jipya halijamsaidia. Kushirikiana faida na hasara, ambako ndiko kiini cha fundisho, bado kunafanyika kwa kiasi kidogo.

Tatu, mitandao huanguka. Mnamo Mei 2023 huduma za Bank Syariah Indonesia zilikwama kwa siku kadhaa, na kundi la wadukuzi lijiitalo LockBit lilidai ndilo lililofanya shambulio. Mtu aliyekuwa na fedha zake zote ndani ya simu alikosa nauli.

Nne, walaghai hupenda kuvaa joho la dini. Mwaka 2017 kampuni ya First Travel, iliyowauzia watu safari za umra kwa bei ndogo mno, ilinyang'anywa leseni baada ya kushindwa kuwasafirisha zaidi ya watu 63,000. Mwaka 2018 wakurugenzi wake walihukumiwa kifungo. Watu wale walilipa kwa sababu waliamini jina, hawakukagua hesabu. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari.

Kwa ajili hiyo Indonesia imeweka macho mawili. OJK inaangalia usalama wa fedha. Baraza la Kitaifa la Sharia, lililo chini ya Baraza la Maulamaa, linaangalia kama mkataba unafuata dini. Mwaka 2017 lilitoa fatwa juu ya fedha za kielektroniki, na mwaka 2018 juu ya mikopo inayotolewa kwa njia ya mtandao. Jicho moja peke yake halitoshi.

Hali ilivyo hapa kwetu

Tanzania haikuanza leo. Huduma ya M-PESA iliingia nchini mwaka 2008, na sasa hata bibi wa kijijini anajua kutuma na kupokea. Amana Bank ilianza kazi mwaka 2011 ikiwa benki ya kwanza nchini inayofuata kanuni za Kiislamu kikamilifu, na mabenki mengine yamefungua madirisha ya aina hiyo. Mwaka 2025 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilianza kuuza sukuk yake ya kwanza.

Lakini kwa mtu wa chini, simu imeleta pia adha. Sote tunaijua mikopo iliyobatizwa jina la "kausha damu". Mnamo Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha kidijitali bila idhini, na kuyapiga marufuku. Wapo washarika wetu waliodhalilishwa kwa ujumbe uliotumwa kwa ndugu, mabosi na hata wachungaji wao. Teknolojia ile ile iliyomfikishia Mwindonesia sukuk ndiyo iliyomfikishia msharika wetu aibu. Tofauti iko katika mkataba uliofichwa ndani ya simu na katika anayeusimamia.

Je, Kanisa linaingia katika sharia?

Swali hili tumeulizwa na mzee mmoja wa usharika, na tunaamini wafadhili nao wanalo. Jibu letu ni hapana. Hatuna mamlaka ya kuamua nini ni halali kwa Waislamu, wala hatutajifanya masheikh. Lakini kukataa kumkamua mwenye shida si jambo geni kwetu. Limo katika Torati, katika Kutoka 22 na Walawi 25. Martin Luther mwenyewe aliandika mwaka 1524 juu ya biashara na riba, tena kwa maneno makali. Asilimia 10 kwa mwezi tuliyoiandika katika katiba ile haikuwasumbua Waislamu peke yao. Wapo Wakristo waliobaki kwa sababu tu hawakuwa na pa kwenda.

Tunachopendekeza

Kwa kuzingatia hayo, tunaziomba kamati za sharika zenye vikundi vya kuweka na kukopa zijadili mapendekezo yafuatayo:

1. Katiba isichapwe kabla ya wanachama wote kuulizwa kuhusu riba, kila mmoja kwa uhuru.
2. Kuwe na mfuko wa pili, wa bidhaa. Badala ya kumpa mwanachama fedha, kikundi kinamnunulia kifaa au mzigo, kinamwuzia kwa bei iliyotajwa, na bei haipandi akichelewa kwa sababu ya kweli.
3. Ada ya uendeshaji iwe kiasi maalumu kinacholingana na gharama halisi za madaftari na nauli, isiwe asilimia ya mkopo.
4. Vitabu vya mifuko miwili vitenganishwe kabisa, na fedha zake zisichanganywe.
5. Malipo yapitie simu kila inapowezekana, na muhtasari wa hesabu usomwe kwa sauti kila mkutano, kwa sababu si wote wanaosoma ujumbe.
6. Kabla ya kuuita mfuko huo wa Kiislamu, ushauri wa viongozi wa Kiislamu wa eneo hilo utafutwe. Wasiporidhika, tusiuite hivyo.

Kwa wafadhili tunasema wazi kwamba mfuko wa bidhaa unaweza kupata hasara. Cherehani inaweza kuharibika, samaki wanaweza kuoza. Hasara ikitokea tutaiandika kama hasara. Tunachukua pia nafasi hii kusahihisha taarifa yetu ya zamani. Wale tisa hawakujitoa kwa sababu binafsi. Walijitoa kwa sababu ya katiba tuliyoiandika sisi.

Tumerudi kwao. Watano wamekubali kukaa nasi mezani, wanne bado wanatutazama kwa mbali, na hatuwalaumu. Yule mama muuza samaki anataka jokofu la kuhifadhia mzigo. Ametoa sharti moja: mkataba usomwe wote kwa sauti, mbele ya wanawe, kabla hajatia dole gumba. Tumekubali. Kama kamati ya usharika itaupitisha mfuko wa bidhaa, jokofu hilo litakuwa ununuzi wake wa kwanza. Kama haitaupitisha, itabidi mmoja wetu aende tena kumwamkia, na kumweleza sababu.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Katika kikundi chenu, ni nani aliyejitoa bila kuulizwa sababu? Nani atakwenda kumwuliza?
2. Mwanachama akikopa shilingi 100,000 kwa utaratibu wenu wa sasa, baada ya miezi sita anakuwa amelipa kiasi gani kwa jumla? Fanyeni hesabu ubaoni.
3. Biashara ya mwanachama ikianguka bila uzembe wake, nani anabeba hasara? Je, ni haki?
4. Ni washarika wangapi wana mikopo ya mtandaoni? Tunawezaje kuwasaidia bila kuwaaibisha?
5. Je, mko tayari kujaribu mfuko wa bidhaa kwa mwaka mmoja? Andikeni uamuzi wenu katika muhtasari na mtutumie nakala kabla ya mwisho wa robo ijayo.

Majibu yenu, yawe ya kukubali au ya kukataa, tutayaeleza katika toleo lijalo. Mungu awabariki.